Kurasa Zilizokatwa kwa Wembe

Kitabu cha kwanza nilikigundua kwa sababu kilifunguka chenyewe. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye maktaba ya chuo kidogo cha afya upande wa Mikumi, nikikagua vitabu kimoja kimoja, na kila nilipokiweka magotini kile kitabu kinene cha magonjwa ya ngozi kiliachia mahali palepale, katikati. Nikachungulia kwenye mshono. Kurasa nane hazikuwepo. Hazikuchanwa, zilikatwa kwa wembe. Kwenye ukurasa uliofuata kulikuwa na doa la kahawia, dogo kama punje ya mtama. Nililiangalia sana hadi nikakubali kwamba ni damu.

Nilikuwa mkutubi wa pale kwa mwaka wa sita, na wakati huohuo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwa masafa. Utafiti wangu ulihusu jinsi maktaba za vyuo vidogo zinavyotunza vitabu vyake. Kwenye pendekezo nililompelekea msimamizi wangu nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba uharibifu wa makusudi si tatizo katika maktaba yetu. Nilikaa pale sakafuni nikiona aibu kana kwamba nimekamatwa nikidanganya.

Sikumwambia mtu, hata mama niliyefanya naye kazi. Huyu alikuwa mhudumu wa maktaba, mjane anayekaribia kustaafu, mzaliwa wa milimani Vidunda. Yeye ndiye aliyefungua milango asubuhi, akafuta vumbi, akarudisha vitabu kwenye rafu zake. Siku hizo alikuwa ameanza kuvaa glavu na blauzi za mikono mirefu hata kwenye joto, akisema vumbi la vitabu linamwasha. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na tukaanza kazi. Kumshuku yeye hakukunijia hata mara moja.

Ndani ya wiki mbili nikapata vitabu vingine viwili vilivyokatwa. Nikafungua faharasa zake kutafuta kilichokuwa kwenye kurasa hizo. Vyote vitatu vilikatwa sehemu moja: ukoma.

Hapo nikajua ni nani. Au nilidhani nimejua.

Alikuwapo mkufunzi mmoja wa utabibu aliyekuwa akifanya utafiti wa vidonda vya miguu visivyopona, ambavyo wakati mwingine huletwa na ukoma, kwa watu wa vijiji vya mlimani na wa Kidodi kwenye mashamba ya miwa. Kila alasiri alikuja maktaba, akakaa meza ya pembeni karibu na dirisha, mgongo ukutani. Alikuwa na mkoba wa ngozi aliouweka mapajani, si mezani. Nikipita karibu, aligeuza karatasi zake kifudifudi. Na wiki ile niliyoliona lile doa, alikuwa amefunga plasta kwenye kidole gumba.

"Umeumia, daktari?" nilimuuliza.

"Kidogo tu. Nilikuwa nakaza waya wa uzio," alinijibu bila kuinua macho.

Jioni hiyo nilifungua daftari jipya. Niliandika siku aliyokuja, saa aliyoingia, kitabu alichochukua, saa aliyotoka. Akishatoka nilikwenda mezani pake nikahesabu kurasa za kitabu alichokuwa anasoma. Nilijiambia kwamba nakusanya data. Utafiti wangu ulinipa jina zuri la kuita upelelezi.

Lazima niseme na jambo jingine, maana bila hilo simulizi hii itakuwa nusu. Mkufunzi huyu alitoka katika familia ya wafugaji waliohamia wilaya yetu kutoka kanda ya ziwa. Mimi kwetu ni Kilosa, ni wakulima wa bondeni tangu babu zangu, na nilipokuwa msichana shamba letu la mahindi liliingiliwa na ng'ombe likabaki mabua. Nyumbani kwetu neno "wafugaji" lilitamkwa kwa sauti ya chini, mtu akitazama pembeni. Nilipokwenda Kilosa mwisho wa mwezi nikamsimulia mama yangu habari za vitabu, aliuliza swali moja tu.

"Huyo mtu ni wa wapi?"

Nikamwambia.

"Basi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Sikubishana naye. Lile "basi" nilirudi nalo Mikumi.

Siku moja mkufunzi aliponirudishia kitabu alisimama mbele ya meza yangu asiondoke.

"Dada, ni kweli unahesabu kurasa nikitoka?"

Uso ulinichoma. "Nakagua vitabu vyote, daktari. Ni utafiti wangu."

"Vyote? Au ninavyosoma mimi?"

Nikainamia daftari langu. Alichukua mkoba wake akatoka. Swali lake nililigeuza ushahidi dhidi yake: mtu asiye na hatia, nilijiambia, asingejua kwamba anahesabiwa.

Kesho yake nikaenda kwa mkuu wa chuo na daftari langu pamoja na vile vitabu vitatu. Mkuu alikuwa mtu mtaratibu asiyependa makelele. Alipekua vitabu, akasoma daftari, akamwita mkufunzi palepale. Nilitamani kutoka, lakini aliniambia nikae.

"Kuna vitabu vimekatwa," alimwambia, "na vyote vinahusu mambo unayosoma wewe. Nakuomba tu, tumalize hili. Fungua mkoba."

Mkufunzi alinitazama mimi, si mkuu. "Humu ndani mna wagonjwa wangu," alisema. "Niliwaahidi kwamba hakuna mtu mwingine atakayeona."

"Fungua tu, mwalimu."

Alifungua. Akatoa dodoso zilizojazwa kwa mkono, fomu za ridhaa zenye alama za dole gumba, na picha za miguu. Miguu mitupu, bila sura, kwenye mikeka na kwenye udongo, yenye vidonda ambavyo sikuweza kuvitazama mara mbili. Ukurasa wa kitabu haukuwamo hata mmoja. Alizipanga picha zake taratibu, moja juu ya nyingine. Mkuu akasema samahani. Mimi nikakusanya vile vitabu vitatu.

Tangu siku hiyo hakukanyaga maktaba. Muda si mrefu akapelekwa Kilosa mjini kusimamia wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi hospitalini, wiki tatu nzima. Na katika wiki hizo tatu kurasa zikakatwa tena. Safari hii ulikuwa mwongozo wa matibabu, kitabu chembamba kilichokuwa kimeletwa majuzi tu.

Mtu mwenye akili angemfuta palepale kwenye orodha ya watuhumiwa. Mimi sikumfuta. Niliwaza kwamba pengine ana ufunguo wa bandia, na kwamba kutoka Kilosa mtu anaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo. Nilimpigia mwanafunzi mmoja wa Kilosa simu, nikajifanya nauliza habari za mazoezi, ili tu nijue kama mwalimu wao yupo. Yupo, akanijibu, hajakosa hata siku moja. Nikaishiwa. Nikaanza kuwatazama wanafunzi mikononi, wanaume kwa wanawake, nikitafuta alama za wembe. Nilimshuku fundi aliyekuja kurekebisha feni. Ilifika mahali nikaingia maktaba asubuhi na kuona kila kiti kama kina la kuficha.

Ilikuwa asubuhi ya saa nne, saa ya chai. Nyuma ya maktaba kulikuwa na kibaraza ambapo yule mama alibandika birika kwenye jiko la mkaa. Nilitoka na vikombe nikamkuta amevua glavu zake, ameshika birika lenyewe, si mpini, bali tumbo la birika, kwa kiganja cha kushoto, akimimina taratibu na kuzungumza nami habari za mvua. Mvuke ulikuwa unatoka. Nikasikia harufu kabla sijaelewa ninachokiona.

"Mama! Unaungua!"

Aliangalia huku na huku. "Wapi?"

Nilimpokonya birika kwa kitambaa. Kiganja chake kilikuwa chekundu na lengelenge lilikuwa linainuka. Yeye alikitazama kama mkono wa mtu mwingine. Nikauona na mstari wa kovu kwenye kidole cha shahada, mwembamba, wa wembe, uliopona vibaya. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kidogo. Juu ya kifundo, pale blauzi ilipopanda, kulikuwa na baka lililopauka.

Nilitamani nisielewe, lakini nilikuwa nimeelewa.

"Ni wewe, mama," nilisema.

Hakukana. Aliketi kwenye kigoda, akaufunika mkono wake kwa khanga. "Sijui hata kimeandikwa nini," alisema. "Kiingereza sikijui. Ni zile picha, mwanangu. Wanafunzi wakifungua pale wanaangalia mkono ulio kwenye kitabu, halafu nipo mimi ninapanga rafu. Nilikuwa nawaona wakiinua macho."

"Walikuwa wanakutazama kweli?"

"Sijui. Nilikuwa naona hivyo."

Akaniambia kuhusu shangazi yake, ambaye kule Vidunda alijengewa kibanda peke yake juu ya mashamba, na chakula kikawa kinawekwa kwenye jiwe. Yeye, akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa akitumwa kukipeleka. Alikatazwa kumsalimia, naye alipitiliza mwaka mzima bila kumwambia shikamoo. Aliposema hivyo ndipo alipolia, si kwa ajili ya mkono.

Nilimmwagia maji baridi mkononi, nikamfunga kitambaa safi. Kisha, na hili sijawahi kumwambia, nilikwenda chooni nikanawa mikono mpaka viwiko, nikapandisha sketi nikakagua miguu yangu yote kutafuta baka.

Mtu pekee niliyejua ataweza kumsaidia bila kumtangaza alikuwa yule niliyemfungulisha mkoba. Aliporudi kutoka Kilosa nilimfuata nyumbani kwake. Alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilimweleza yote nimesimama juani. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza akauliza tu, "Vidole vimeanza kujikunja lini?"

Alimpima pale chuoni, katika chumba cha mazoezi ya utabibu, mlango umefungwa, mimi nikiwa nimeombwa na yule mama nibaki. Alimwambia, "Shikamoo mama," kwanza, akangoja ajibiwe. Akachukua pamba akaizungusha ncha nyembamba.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole ni wapi."

Mkono wa kulia alionyesha kila mara. Wa kushoto, pamba ilipita juu ya baka, ikapita kwenye kiganja, ikapita kwenye vidole, na mama amekaa ametulia, macho yamefumbwa, akisubiri kuguswa. "Bado hujaanza?" akauliza. Mkufunzi alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkoba, na katika macho yake hakukuwa na hasira.

Alimwelezea yote kwa upole: kwamba ni ugonjwa unaotibika, kwamba dawa hazinunuliwi, kwamba atameza vidonge mwaka mzima, na kwamba akishaanza hatamwambukiza mtu. Vidole vilivyojikunja huenda visinyooke vyote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniuliza kwa nini nilikata vitabu?" alisema.

"Vitabu ni vya dada huyu," alijibu. "Mimi nimekuja kwa ajili ya mkono."

Tulipotoka nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini aliniambia, "Nimezoea, dada. Popote ninapoingia kwa mara ya kwanza, mtu hutazama kilichopungua." Afadhali angenitukana.

Kwa kuwa nilikaa naye kila siku, mimi na wanangu nyumbani tulipimwa, tukaonekana hatuna kitu. Hata hivyo ilinichukua karibu miezi miwili kunywa chai ya yule mama bila kwanza kukitazama kikombe, na nina hakika alikuwa anajua, maana alianza kuniachia nimimine mwenyewe. Msimamizi wangu alitaka jedwali la sababu za uharibifu wa vitabu, na kwa vile vitabu vilivyokatwa niliandika "hofu". Alinirudishia akiwa ameizungushia kalamu, akitaka neno la kitaalamu zaidi. Sikulibadilisha.

Miezi ilipita, na siku moja mama alimfuata mkufunzi mezani pake, kwani alikuwa ameanza tena kuja, ingawa kwa siku chache. Alimwambia ana mdogo wake wa kiume kule Vidunda, ambaye huvaa buti za mpira masika na kiangazi, hazivui mbele ya watu. Mkufunzi akauliza nyumba iko wapi. Alipoelekezwa akacheka kidogo, bila furaha. Aliwahi kufika hapo na dodoso zake. Walimwambia hawana mgonjwa, wakamfungia mlango.

"Ukienda na mimi hawatafunga," mama alisema.

Waliondoka asubuhi kwa bodaboda mbili, zikifuatana. Mimi nilibaki, maana ulikuwa msimu wa mitihani na maktaba ilikuwa imejaa. Siku ya pili alasiri zilirudi bodaboda tatu. Kwenye ile ya katikati alikaa mzee mwembamba aliyevaa buti nyeusi za mpira. Mama alishuka kwanza, akamshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akamteremsha, wakaelekea pamoja kwenye chumba cha mazoezi. Mkufunzi aliwatangulia kufungua mlango.