Fundi Saa na Dirisha Letu

Mmenichosha. Kila simu ikilia ni nyinyi: Mama Mkubwa, hebu tuandikie habari za huyo mzee anayemtaka mama, tuandikie yote, tumjue. Kwani mama yenu hana mdomo? Mimi shule niliipita kama mtu anayekimbia mvua, herufi nyingine mpaka leo tunatazamana kama watu wasiojuana. Lakini mmesema mnaniamini mimi kuliko yeye, na hapo mmesema kweli. Basi someni polepole, na asije mtu akanisahihisha.

Mtu mwenyewe ni fundi saa. Anakaa chumba kinachotazamana na chetu, ng'ambo ya korido, ghorofa hii hii. Mchana huketi mlangoni mwa duka la betri na redio, kimeza kama cha mtoto, kioo kimebanwa jichoni, anachokonoa matumbo ya saa kwa kikoleo chembamba kama miguu ya mbu. Hana maneno mengi. Mimi mtu asiye na maneno simwamini. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Anasema mkewe alifariki. Nilimuuliza alizikwa wapi, akaniambia. Miezi ikapita, nikamuuliza tena, akataja palepale. Hilo nalo linatia shaka. Mwongo mzuri hasahau.

Alipohamia hapa tulimwona anapandisha ngazi godoro, sanduku la vyuma vyake, na mti. Ndiyo, mti, ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Yeye anauita haibiskasi. Ni yale maua mekundu makubwa yenye ulimi mrefu uliotoka nje kama mtu anayekuzomea, ambayo wenye akili zao huyapanda nje yakawa uzio. Yeye kaupa dirisha. Mlango wake ukiwa wazi nilikuwa namwona anafuta jani moja moja kwa kitambaa chenye maji, juu na chini, kama anayemwosha mtoto uso. Vidudu vyeupe vikijificha chini ya majani, anavisugua kwa brashi yake ya kusafishia saa, na maji ya sabuni. Kabla ya kuumwagilia anachomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, anamwaga maji mpaka yatoke chini. Kikitoka na tope, anauacha. Nikamwambia mama yenu, mwanamume aliyekosa mtu wa kumwambia pole na kazi ndiye huyu, anapiga pasi majani. Mama yenu akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Sasa tusikilizane hapa, maana ndipo shaka yangu ilipozaliwa. Nyumba ya jirani ilianza kuongezwa ghorofa. Ukuta ukapanda, ukapanda, mpaka ukamziba fundi dirisha lake lote. Chumba kikawa giza, mchana anawasha taa. Lile jiti likaingia unjano, vitumba vikawa vinadondoka kabla ya kufunguka, matawi yakarefuka membamba yakitafuta mwanga. Akajaribu kuliweka koridoni, upepo wa ngazi ukalipukutisha. Na majira hayo hayo, wanangu, ndipo fundi alipoanza kubisha hodi kwetu.

Kwanza alisema saa yetu ya ukutani inachelewa, anaisikia kutoka kwake. Kisha akaja kuuchukua mkasi wa mama yenu, akaurudisha umenolewa. Mwisho akaja amevaa shati la mikono mirefu, akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kwamba anamtaka mdogo wangu kwa ndoa.

Dirisha letu mnalijua. Linapata jua tangu linapochomoza mpaka karibu na adhuhuri, na hapo ndipo cherehani ya mama yenu ilipo tangu mkitambaa. Nikaweka jambo juu ya jambo. Mtu kakaa ng'ambo ya korido miaka, salamu tu. Jua limemkimbia, mapenzi yamemjia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikamuuliza mama yenu, "Anakutaka wewe au anataka dirisha?"

"Hata kama ni dirisha," akasema huku anatunga uzi kwenye sindano, "si mimi ndiye ninayekaa hapo?"

Mtu mzima wa umri huo.

Nikaona nimtege. Nikamwita fundi, nikamwambia jambo la ndoa aliache kwanza, mdogo wangu hana haraka, lakini mti wake tumeuonea huruma, aulete ukae dirishani kwetu. Mawazo yangu yalikuwa haya: kama alichotaka ni jua, akishalipata atanyamaza. Nikaisukuma cherehani mpaka kwenye pembe ya giza, dirisha zima likabaki wazi. Hicho ndicho chambo.

Akaja na ndoo yake. Akatazama dirisha, akatazama cherehani. Akaitua ndoo chini, akairudisha cherehani mahali pake, taratibu, asiikwaruze sakafu. Mti akaubana pembeni, panapopata jua la kugawiwa. Nikamwambia hapo hautachanua. Akasema utachanua, ila utachelewa. Kisha akafuta mikono.

"Dada, kwa mti nashukuru," akasema. "Lile jambo la kwanza bado nangoja jibu."

"Usiniite dada. Una dada zako."

"Haya, shemeji."

Mama yenu alikuwa jikoni. Nikasikia sufuria imemponyoka.

Mwingine angelainika. Mimi nilisema huyu kanusa mtego.

Basi akawa anaingia kila asubuhi kabla ya kazi, mlango wazi, na mimi nimeketi hapo hapo nachagua mchele, hata siku ambazo mchele ulikwisha kuchaguliwa. Namfuata kwa macho. Anafuta majani, anachomeka kidole, anakata ncha za matawi yaliyorefuka ili yachipue mapya. Mama yenu anashona. Hawasemezani, ila mguu wake kwenye cherehani unakwenda mbio kuliko kawaida. Majani mapya yakatoka, yanang'aa. Vitumba vikaja. Kimoja kikanenepa, ncha yake ikawa nyekundu, na fundi akawa anakitazama kama mtu anayengoja mkewe ajifungue. Akatuambia ua hili likifunguka huishi siku moja, jioni limekwisha, na asiyeliona siku hiyo hakuliona. Hakuwa ameona hata moja tangu ule ukuta upande. Nikasema moyoni, ngoja lifunguke, tutajua anampenda nani.

Siku ikafika. Niliamka nikalikuta, jekundu, kubwa kama kisahani cha chai. Mama yenu alikuwa ameamka na homa, kajifunika blanketi chumba cha ndani. Nikaketi kimya na sinia langu. Fundi akabisha, akaingia. Ua liko kwenye kiwiko chake, wanangu, linamgusa shati. Yeye kasimama anasikiliza.

"Cherehani haisemi," akasema. "Yuko wapi?"

Nikamwambia anaumwa. Akageuka, nikasikia viatu vyake ngazini vinaruka vidato, mtu wa mvi. Akarudi na vidonge vya homa, machungwa, na jasho. Hakuingia. Alivuta kigoda koridoni akakaa nje ya mlango wetu, dukani hakwenda. Kila mara ananiuliza amemeza? amekula? mpaka mama yenu mwenyewe akaita kutoka ndani, sauti inakwaruza, kwamba amemeza, na je, fundi hana saa za watu?

Habari ya ua sikumwambia. Nilitaka nione. Jua likapita, ua likajikunja, likaning'inia kama kitambaa kilicholowa, na yeye yuko pale pale kwenye kigoda.

Asubuhi yake nikamwonyesha, limeanguka sakafuni. Nikamwambia, "Lilifunguka jana. Lilikugusa mkono."

Akaliokota. "Lilikuwa zuri?"

"La kawaida."

Akacheka, ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake. Akalifikicha juu ya kiatu chake cheusi, kama wafanyavyo wenye maua haya, ngozi ikang'aa. Kisha akauliza kama homa imeshuka.

Nimewaambia yote. Mama yenu anamtaka, hilo msijidanganye. Tangu apone anaimba, na mnajua hajui kuimba. Mimi sijasema ndiyo wala sijasema hapana. Maana fikirini na nyinyi: wakioana hawataishi kule gizani. Atahamia huku. Dirisha atakuwa kalipata, jua kalipata, na mama yenu nyongeza. Labda ni mtu wa kweli. Labda ni fundi tu, na mafundi wanajua kungoja. Nililoliona siku ile nililiona, lakini siku moja ni siku moja.

Sasa zamu yenu. Msinipigie simu kuniuliza upya, nimeshaandika na vidole vinauma. Mmoja wenu apande basi aje amtazame mwenyewe. Atakayeshindwa kuja aandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ndiyo au hapana, na jina lake chini, kesho nisije nikaambiwa niliamua peke yangu. Na mjibu haraka. Mama yenu ameshanunua kitambaa cha gauni, na nimemwona anajipima.