Finya Mara Mbili Kama Ni Hapana

Nilimzaba kofi mwanamke aliyenilipia tiketi ya kwenda Peru. Nilimzaba sebuleni kwake, mbele ya wageni wake, mikono yangu ikichuruzika damu mpaka kwenye viwiko.

Damu ilikuwa Vimto. Kofi lilikuwa la kweli.

Kabla hujakimbilia kwenye komenti kunitukana, tulia kwanza nikupe stori yote. Ukimaliza, nitukane vizuri.

Naitwa Roselyne, nesi kwenye kliniki moja ndogo hapa Al Qusais, Dubai, mzaliwa wa Nyamira. Wanaonijua watakwambia mdomo wangu hauna breki, na mkono unaufuata mdomo.

Nilikuwa nimejiunga na kikundi cha kujitolea. Tulikuwa twende kutibu watu kwenye vijiji vya milimani kule Peru, mahali ambapo gari halifiki na mama mjamzito anabebwa kwa blanketi siku nzima kumtafuta daktari.

Nilikuwa naitaka hiyo safari jamani. Nilikuwa naiota.

Kiongozi wetu alikuwa Daktari Khelef, mzee wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu Marina ikiwa mchanga mtupu. Alitupandisha milima ya Hatta na mabegi mgongoni mpaka tukatapika. Alitufundisha kufunga mkanda wa kuzuia damu, ule wenye kijiti cha kuzungusha, mpaka nikawa naweza kuufunga nikiwa nimefumba macho.

"Wa kule wanasema Kikechua," alituambia. "Nyie mwakijua?"

"Hatukijui, daktari."

"Basi mtajifunza kutibu bila maneno. Unamshika mgonjwa mkono, unagusa mahali, unamuuliza kwa macho. Akifinya mara moja, ndiyo. Akifinya mara mbili, hapana."

Tukafanya hivyo kila wiki. Na kila wiki mzee alinigombeza mimi.

"Roselyne, wee una haraka, mwanangu! Kakufinya mara moja, ushaondoka. Je kama ya pili ilikuwa njiani?"

Nikawa nacheka tu. Si ni mazoezi?

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Jumamosi asubuhi, Mirdif, kwenye villa ya Madam Maha. Huyu ndiye alikuwa anatulipia tiketi sisi manesi. Mama wa pesa zake, mume husafiri kila mara, roho safi lakini sauti ya juu. Akiita chai, hata majirani wanashtuka.

Dereva wake ni Dancan. Dancan ni mdogo wangu, tumenyonya titi moja. Mimi ndiye nilimleta Dubai, mimi ndiye nilimwombea kazi kwa Madam. Kila tulipokutana pale yeye ndiye alikuwa anatuombea kabla ya kuanza, na anaomba mpaka unatoka machozi. Nilikuwa najivunia huyo kijana, aki ya nani.

Siku hiyo tulijifanya basi limeanguka korongoni. Joha, binti wa Kizanzibari anayepamba maharusi, alikuwa anapaka watu vidonda. Damu alipika mwenyewe, kinywaji cha Vimto na unga wa mahindi, na ukiiona unaweza kuzimia.

Majeruhi mmoja akapiga simu kwamba ana homa, haji.

"Yalla, nani atalala badala yake?" Madam akauliza.

Teresiah, msichana wa kazi wa hapo nyumbani, alikuwa anapitisha chai. Msichana wa Murang'a, mpole, haongei. Akaweka sinia chini.

"Mimi, madam. Mimi nitalala."

Dancan akacheka kutoka mlangoni. "Huyo? Wacheni bana, ataharibu mazoezi. Tafuteni mtu mwingine."

"Khalas, mwacheni," Madam akasema. "Mpakeni. Hata hivyo tangu juzi analia tumbo, hafanyi kazi. Jana nimempa Dancan ampeleke kliniki, wakamwambia ni gesi. Walau leo atalala kwa faida."

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka.

Madam akapuliza filimbi. Watu wakaanza kupiga mayowe, wengine wanagaagaa kwenye zulia la Madam lililofunikwa plastiki. Mimi nikaangukia kwa Teresiah. Dancan alikuwa mbeba machela wangu, akasimama upande wa kichwa chake.

Nikamshika Teresiah mkono. Ulikuwa baridi, umelowa jasho.

Nikashika mshipa. Ulikuwa unakimbia vibaya.

Nikamfunua tisheti. Upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, kulikuwa na doa kubwa, zambarau limeingia weusi, pembeni manjano. Nikalishangaa.

"Joha!" nikapaza sauti. "Hii ya tumbo umeiweza, wee! Unatisha!"

Joha akageuka na brashi yake mkononi.

"Tumbo? Tumbo gani? Mie nimempaka kichwa na mkono basi."

Nikalowesha kidole mate, nikasugua. Rangi haikutoka. Nikabonyeza kidogo, na tumbo lilikuwa gumu kama meza. Teresiah akauma midomo, machozi yakamtoka pembeni, lakini hakusema neno.

Mimi ni nesi. Nikajua hapohapo huyu mtoto anavuja damu ndani, na ameanza kuvuja zamani.

Nikainama mpaka sikioni kwake. Nikaushika mkono wake. Madam alikuwa nyuma yangu anapiga kelele, "Yalla, yalla, atawafia huyo!" huku anacheka. Ile kelele ikanipanda kichwani.

"Ni madam amekufanyia hivi?" nikamnong'oneza.

Akafinya.

Nikaona giza. Sikumbuki nilivyosimama. Najua tu nilikuwa nimeachia ule mkono, na kiganja changu kilikuwa kimelia kwenye shavu la Madam Maha mpaka filimbi ikamdondoka mkononi.

"Mnyama wewe!" nikamwambia. "Unaua mtoto wa watu halafu unatulipia tiketi tukatibu wengine?"

Nikamshika nywele. Tukaanguka juu ya meza ya kioo, ikavunjika, kioo kikanichana paja. Akaning'ata begani. Nikampiga kichwa sakafuni. Nilitaka kumuumiza, sidanganyi, nilitaka asikie alichosikia Teresiah.

Daktari Khelef ndiye alinivuta kiunoni. "Roselyne! Una wazimu?"

"Mwangalie tumbo! Mwangalie!"

Mzee akamwangalia. Uso ukambadilika. "Bandama," akasema. "Iteni ambulensi."

"Ambulensi itachelewa," Dancan akasema haraka. "Gari liko hapa. Siste, shika miguu, twende. Na ukibaki hapa polisi watakukuta, unajua umemfanya nini Madam?"

Akili yangu ikaona cell, ikaona safari imekufa. Mdogo wangu ananiokoa. Nikashika miguu.

Tukamlaza Teresiah kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, begi langu la mazoezi chini. Dancan akaliondoa gari kwa fujo hata mlango haujafunga sawasawa.

Ukitoka pale getini, hospitali ni kulia. Dancan akakata kushoto.

"Dancan, ni kulia."

"Najua njia ya mkato."

Teresiah alikuwa ameshika mkono wangu. Aliushika tangu tulipomlaza kitini, na hata nilipotaka kumpangusa jasho hakuuachia. Akafinya. Halafu akafinya tena.

Mara mbili. Nikamtazama. Akarudia, taratibu. Moja. Mbili.

Sikuwa nimemuuliza kitu. Kumbe alikuwa bado ananijibu lile swali la sebuleni, jibu ambalo sikungoja liishe.

Nikainama tena sikioni kwake.

"Si madam?" nikanong'ona.

Moja. Mbili.

"Ni sir, mume wake?"

Moja. Mbili.

Ndani ya nyumba ile wanaishi watu wanne. Nikainua macho, nikaona kisogo cha mdogo wangu, na shingo yake iliyonyolewa vizuri kwa ajili ya Jumamosi. Nilitamani nisiulize.

"Ni Dancan?"

Akafinya.

Nikangoja ya pili. Nikangoja, nasali kwa lugha zote ninazozijua, naapa sijawahi kungoja kitu hivyo maishani.

Haikuja.

"Unamuuliza nini huyo?" Dancan alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Simamisha gari."

"Rose, usiniharibie maisha. Nilimgusa tu kidogo. Tulikuwa na mambo yetu kisiri, akataka kuniacha, ati anakuja kukwambia wewe. Mimi niaibishwe na kasichana ka jikoni?"

"Na kliniki? Si jana ulimpeleka kliniki?"

Akakanyaga mafuta. Hapo ndipo nikaelewa. Mirdif hutoki bila gari. Mtu aliyepewa kazi ya kumpeleka huyu msichana hospitali ndiye huyohuyo aliyemkanyaga tumbo. Alimzungusha barabarani, akamrudisha, akasema ni gesi.

"Unatupeleka wapi, Dancan?"

"Nyamaza!" Akarusha ngumi nyuma bila kugeuka. Ikanipata mdomoni, jino likadondoka kwenye ulimi. Akarusha nyingine. Hiyo ikampata Teresiah kichwani, kwenye kidonda cha Joha, na akatoa sauti ambayo mpaka leo naisikia nikiosha vyombo.

Mkono wangu ukaingia kwenye begi wenyewe. Ukatoka na ule mkanda wa kuzuia damu.

Nikauzungusha shingoni kwa mdogo wangu, pamoja na sehemu ya kichwa ya kiti. Nikavuta. Nikazungusha kijiti.

Alinikwaruza, akaninyofoa kucha. Nikazungusha tena. Alikuwa anaita "Rose, Rose," kwa sauti ile aliyokuwa ananiitia tukiwa wadogo akiogopa mbwa wa jirani. Nilikuwa nalia, nazungusha. Gari likapanda ukingo, likagonga mtende, likazima.

Nikauachia mkanda. Alikuwa anapumua. Namshukuru Mungu alikuwa anapumua, na kuna siku najuta kwamba nashukuru.

Daktari Khelef alikuwa ametufuata na gari lake alipotuona tunakata kushoto, huku anawaelekeza ambulensi na polisi kwa simu. Polisi wakamtoa Dancan akiwa ameloa mkojo. Mimi nikafungwa pingu pia, nesi mwenye damu ya Vimto, damu ya paja na damu ya mdomo, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Teresiah alitolewa bandama siku hiyohiyo. Daktari wa upasuaji alisema angelala nyumbani usiku mmoja zaidi, asingeamka.

Sasa nikueleze kitu nilichokuja kukifahamu baadaye, akiwa ameweza kuongea. Simu yake ilikuwa kwa Dancan. Madam alikuwa anamwamini Dancan kuliko sisi wote, na Dancan hakumwacha msichana peke yake na mtu hata dakika. Teresiah aliposikia Madam anatafuta wa kulala, aliwaza jambo moja tu. Akilala pale, lazima nesi atamgusa tumbo.

Haikuwa kuigiza. Alikuja kutibiwa.

Madam Maha nilimkuta kwenye korido ya hospitali kesho yake, jicho limevimba, shela imefunika mahali nilipomnyofoa nywele. Nikajua kwisha mimi. Kesi, kufungiwa safari, kurudishwa nyumbani.

"Nimewaambia polisi nimesamehe," akasema.

"Madam, mimi..."

"Mimi ndiye nilimpa Dancan ampeleke. Alilia siku mbili ndani ya nyumba yangu na mimi nikacheka. Kofi lako nimelikubali."

Halafu akanizaba moja mpaka masikio yakapiga kengele.

"Hilo ni la nywele zangu. Khalas." Akaingia wodini na supu.

Kikundi kiliondoka kwenda Peru bila mimi. Mimi ni shahidi wa kesi. Begi langu bado liko chini ya kitanda, na mkanda wake wanao polisi.

Mama yangu aliniachia ujumbe wa sauti mmoja kutoka Nyamira. "Umemfunga ndugu yako kwa sababu ya mtoto wa watu, Roselyne." Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Nampigia kila Jumapili, inalia mpaka inakata yenyewe.

Siku ya kwanza waliyoniruhusu kumwona Teresiah, alikuwa na mpira kooni, hawezi kusema. Nilikaa, nikamshika mkono. Nilikuwa na swali moja.

"Teresiah, mimi ndiye nilimleta hapa. Mimi ndiye nilikubeba nikakuingiza kwenye gari lake. Unanichukia?"

Akafinya.

Miguu ikataka kusimama, ikataka kutoka mbio kwenye ile wodi, kama kawaida yangu.

Nikakaa. Sikuuachia mkono. Nikangoja.

Akafinya tena.

Basi ndugu msomaji, ninachokuachia ni hiki. Ukimuuliza mtu swali, kaa mpaka jibu liishe, hata likianza kwa kukuumiza. Na kabla hujapanda ndege kwenda kutibu watu wa milima ya mbali, hebu kwanza mguse tumbo yule anayekuletea chai.