Daftari la Mvule

Asubuhi ile nilitoka nyumbani, kijijini Sikuda, bila kujua ninakokwenda. Nilichukua blanketi, kisu na daftari langu lililochanwa, nikashika njia ya kwanza niliyoikuta. Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Majani makavu ya milama yalivunjika chini ya nyayo zangu kama maganda ya karanga. Mbwa wetu alinisindikiza mpaka kijitoni, akaona sigeuki, akarudi zake.

Tangu utotoni watu walisema miguu yangu haina adabu. Ni kweli. Lakini siku ile sikuondolewa na miguu. Niliondolewa na mti.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kipande cha msitu ambacho marehemu baba alikataza kisitiwe shoka. Miti yake ilikuwa ya aina ile inayovua majani kiangazi kikikaza: milama, mikenge, miti ya miiba inayotoa maua mekundu ikiwa uchi kabisa, na katikati mvule mmoja mkubwa kuliko yote. Mgeni aliyepita mwezi wa Januari alidhani moto umepita hapo. Jua lilifika mpaka chini, mahali ambapo mwezi wa Mei hukuweza kuona hata vidole vyako vya miguu. Vinyonga walikosa pa kujificha, wakajikunja kwenye vijiti wakiwa na rangi ya vumbi. Hondohondo walilia kutwa nzima kama watu wanaodaiana. Mimi nilipenda msitu wakati huo kuliko wakati wowote, kwa sababu ulikuwa hauna siri.

Mama alipokuwa hai hakuangalia mawingu. "Mbingu inadanganya," alisema, "mvule haudanganyi." Jani la kwanza la mvule likifikia ukucha wa kidole gumba, alitoa mbegu za wimbi kwenye kibuyu. Majirani walicheka, kwa sababu ardhi ilikuwa bado ngumu kama tofali. Baada ya siku chache mvua ilinyesha, wakaja kuazima majembe.

Hilo lilinisumbua. Mti ulijuaje? Hakuna tone lililoanguka, visima vinakaribia kukauka, nao unatoa majani mabichi. Nilimuuliza mwalimu. Akasema ni kazi ya Mungu, nikae chini. Darasa la tano sikulimaliza, lakini swali niliondoka nalo. Mama alipofariki nikatafuta daftari, nikaanza kuandika. Kila siku chache nilikwenda chini ya mvule na kuandika nilichoona: "Mvule hauna majani." "Popo wamekuja." "Mvule umechipua." "Mvua ya kwanza." Nilifanya hivyo miaka mitatu. Nilitaka kuhesabu siku kati ya jani na mvua, nione kama mama alisema kweli.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeniita Profesa. "Profesa, miti imekuambia nini leo?" Alicheka, nami nikacheka. Tulipendana. Alikuwa fundi wa kumbikumbi kuliko mtu yeyote pale kwetu. Alifunika kichuguu kwa majani na blanketi kuukuu, akakaa chini na vijiti viwili, akawa anagonga polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, mpaka wadudu chini ya ardhi waamini kwamba mvua imeanza. Wakatoka kwa maelfu, mabawa yaking'aa, moja kwa moja ndani ya shimo alilowachimbia. Nilikaa karibu naye nikishika chungu. Sikuchoka kumtazama.

Januari ya mwaka ule alikuja askari wa misitu, mtu mpole aliyetoka upande wa mlimani, kwenye miti isiyovua majani. Siku zile mvule ulio hai hukuukata bila ruhusa, hata uwe umesimama kwenye shamba lako. Mimi niliitwa kutoka kwenye banda la mbuzi. Nikamkuta kaka ameketi na mgeni, daftari langu magotini pa mgeni.

"Huu ni mwandiko wako?" askari aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Na ulichoandika ni kweli?"

"Kila neno."

Sijapata kujibu kwa fahari namna ile. Mtu wa serikali alikuwa amesoma daftari langu!

"Na leo je, mti una majani?"

"Leo hauna, afande, lakini—"

"Umesikia mwenyewe," kaka alidakia. "Profesa, mgeni ana kiu. Kimbia kisimani."

Nilikimbia. Niliporudi na maji, mgeni ameshaondoka. Kaka alinipigapiga begani, akaniambia niuvuke mpaka, nimletee chumvi na misumari kutoka Busia upande wa Kenya, nilale kwa shangazi, nisiharakishe. Nilifurahi. Kaka alijua kwamba mimi ukinipa njia umenipa zawadi.

Niliporudi siku ya pili nilisikia msumeno kabla ya kufika nyumbani. Mvule ulikuwa umelala, umeangukia mikenge na kuivunja. Wapasua mbao wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni, walikuwa wanavutana msumeno. Kwenye kisiki palikuwa na alama ya nyundo ya askari, ile ya kuruhusu mti ukatwe. Na kwenye jeraha lote, kutoka gome mpaka ndani, utomvu mweupe ulikuwa unatiririka kama maziwa, nzi wameujaa.

"Mbona mnakata mti ulio hai?" nikasema.

Aliyekuwa juu alifuta jasho. "Hai wapi? Karatasi nasema nakufa miaka tatu."

"Na haya maziwa?"

Yule wa shimoni alitoa kichwa, nyusi zimejaa unga wa mbao. "Wewe dogo, uliza kaka yako. Sisi iko na msumeno tu."

Niliokota tawi la juu kabisa. Kwenye ncha machipukizi yalikuwa yamevimba. Zilibaki labda siku kumi yafunguke.

Daftari nililikuta juu ya kitanda changu, limewekwa vizuri. Kurasa zilizoandikwa "Mvule umechipua" zilikuwa hazimo. Zilichanwa kwa uangalifu, kwa makali ya kisu. Zilizobaki zilisema jambo moja tu, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu: Mvule hauna majani. Mvule hauna majani. Mvule hauna majani.

Kaka alikuwa anakula. Nilimwonyesha.

"Baba alikataza," nikasema.

"Baba yuko wapi? Mti hauliwi, mdogo wangu."

"Ulimdanganya yule askari."

"Mimi?" Alilamba vidole. "Mimi sikusema neno. Mwandiko ni wako. Aliyeapa ni wewe."

Nililichukua daftari langu. Kesho yake alfajiri nikatoka.

Jiwe la Tororo, mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji, nililiona tangu saa sita mchana, nikatembea kulielekea, nalo likawa kama linarudi nyuma. Nilipofika karibu na mji, majani ya kando ya barabara yalikuwa meupe kwa vumbi la saruji kutoka kiwandani. Nikayafuta kwa kidole, nikaona chini yake ni mabichi. Jua lilikuwa limeinama nilipomkuta mama mmoja nyuma ya reli akipepeta mahindi uani. Nilimwomba pa kulala.

Alinitazama kutoka miguu mpaka blanketi. "Shoka najua kushika?"

"Najua, mama."

"Basi kata huyu mti kwanza. Yeye nakufa. Ukikata, chumba iko."

Ulikuwa mkenge, uchi kabisa, maganda ya mbegu za mwaka jana yakilia kwenye upepo. Shoka lilikuwa limeegemezwa kwenye shina. Nilikuwa nimechoka, na sikuwa na mahali pengine. Nikatoa kisu, nikakwaruza gome kidogo, upana wa kucha. Chini yake palikuwa kijani, na unyevu.

"Njoo uone, mama. Mti umelala tu. Ungojee mvua."

Aliinama, akagusa, akanusa kidole. "Nani nakuambia hii?"

"Mama yangu."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Haya, mtoto wa mama yako! Utangoja nayo hapa. Mvua ikija, hakuna majani, unakata yeye, halafu unakwenda."

Alinifungulia chumba cha uani chenye mkeka na dirisha moja lililoelekea mti. Akaona daftari chini ya kwapa langu. "Andika basi siku ya leo," akasema, "usinidanganye baadaye."

"Nitaikumbuka," nikamjibu, nikaliweka daftari chini ya mkeka.

Nikatandika blanketi mahali ambapo, nikiamka, ningeuona mkenge.