Sauti Iliyokuwa Chini ya Kwaya

Nilidhani kompyuta imeungua. Skrini yote iligeuka nyekundu, na juu ya wekundu ule kulikuwa na sentensi moja iliyorudiwa kwa lugha nyingi, kila lugha ya dunia isipokuwa zile tunazozungumza sisi. Mwenye studio alisogeza video mbele kidogo. Nyekundu. Akairudisha nyuma. Nyekundu. Chini ya skrini vipande vyote vya ile harusi vilikuwa mahali pake, vimepangana kama alivyovipanga mwenyewe, kila mkato, kila kipande cha wimbo, majina ya maharusi yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Ila ndani ya vipande hamkuwa na kitu. Ilikuwa kama kuingia nyumba unayoijua, ukakuta milango na madirisha yote yapo na ukuta hakuna.

Nyuma yetu, kwenye kiti cha plastiki, alikaa msichana ambaye harusi ilikuwa yake.

"Mama, mbona imekuwa hivyo?" akauliza.

Mwenye studio akabonyeza tena. Mimi kazi yenyewe nilikuwa bado naidokoa tu.

Niliingia studio ile ya pale Soni, mji wetu mdogo wa mlimani, kama nilivyoingia kila mahali maishani, kwa kuchungulia. Shule niliiacha mapema, nikachuma chai Kwamkoro, nikabeba mizigo ya wageni wanaopanda Irente kuangalia bonde, nikapakia kabichi kwenye malori hapo hapo Soni. Siku moja, nikisubiri lori lililoharibika, niliona kupitia mlango wazi mama mmoja akichukua kicheko cha mtu kwenye skrini, akakikata, akakibandika kwenye uso wa mtu mwingine. Lori liliondoka bila mimi. Mama yule aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nataka kuona anavyofanya. Tangu hapo akawa ananiita Mtembezi. Nilifagia, nilibeba stendi za kamera mpaka vijiji vya juu, na nilimuuliza maswali mpaka akawa ananitishia kunirudisha kwenye kabichi.

Kati ya mambo niliyomuuliza ni namna anavyohifadhi kazi zake. Alinionyesha kopo la maziwa ya unga, limejaa flashi, kila moja imefungwa kwenye nailoni na kuandikwa jina la ukoo na kijiji. Kopo lile halikukaa studio. Lilikaa nyumbani kwake, juu ya dari ya jiko, pale anapoweka mahindi ya mbegu ili moshi uwafukuze wadudu. Flashi zake zilinuka moshi. Ukichomeka moja, unasikia kama mtu ameingia kutoka jikoni.

"Studio ikiungua, ikiibiwa, mimi sina wasiwasi," aliniambia. "Mbegu ziko darini."

Ndani ya kila flashi aliweka faili moja tu, faili la mradi, lile unalolifungua ili kuendelea kuhariri. Lilikuwa dogo kuliko picha moja ya simu. Video zenyewe zilizotoka kwenye kamera zilikuwa kubwa mno, zinajaza diski, kwa hiyo kila msimu wa harusi ulipokaribia alizifuta ili apate nafasi.

"Mavuno yanaliwa, Mtembezi," alisema. "Ukitaka kuhifadhi mavuno yote utajenga maghala mpaka Mombo. Mkulima anahifadhi mbegu."

Nilimwamini. Nani asingemwamini? Mahindi anayoyaning'iniza darini yanaota kila mwaka, na punje moja haifanani hata kidogo na shamba zima, lakini shamba limo humo. Na kweli kila alipolifungua faili lile, harusi nzima ilijitokeza. Ila hakuwahi kulifungua baada ya kufuta zile video.

Sasa msichana huyu alikuwa amerudi kutoka Morogoro, alikoolewa. Baba yake alikuwa amefariki, na amemaliza kuzika. Alipoingia studio alimpa mwenye studio shikamoo, akapewa pole, akakaa akizungusha simu mkononi, kisha akasema alichojia.

Baba yake hakutaka aolewe mbali. Hakuwahi kumkataza, ila tangu posa ilipokubaliwa aliacha kuzungumza naye, zaidi ya salamu. Siku ya kuagwa akasimama mbele ya watu, akasema maneno marefu kwa Kishambaa. Binti alikuwa amefunikwa kanga, analia, na jenereta liko karibu yake. Hakusikia neno.

"Shangazi anasema alinionya," alisema. "Mjomba anasema alinisifu. Mama anasema alisema kama baba wengine wanavyosema. Mimi nataka nimsikie mwenyewe. Nataka nijue kama aliniachia kwa moyo mmoja au watu walimlazimisha."

"Si nilikupa video?"

"Ninayo. Angalia."

Akatuonyesha kwenye simu. Baba yake yupo, amevaa koti jeusi, mdomo unafunguka na kufungika, mkono unapanda na kushuka. Na juu yake kwaya inaimba kwa nguvu zake zote, sauti ya kwanza mpaka ya nne, na kinanda. Hata pumzi ya yule mzee haikusikika. Ndivyo zinavyotengenezwa harusi kwetu. Hotuba ni ndefu, watu wanataka muziki, na mhariri asiyeweka wimbo huambiwa video yake imepoa.

"Hilo ni dogo," mwenye studio alisema, na akaagiza kopo liletwe kutoka nyumbani. "Nafungua mradi, nazima kwaya, baba yako anabaki peke yake."

Ndipo tukaona ile nyekundu.

Kwanza alidhani flashi imeharibika. Akachomeka nyingine, harusi ya Bumbuli. Nyekundu. Akachomeka kipaimara cha Lushoto mjini. Nyekundu. Akafungua maulidi, mahafali, mazishi ya mzee mmoja ambaye ukoo wake wote ulichangia. Nailoni zilijaa mezani, chumba kikanuka jiko, na kila flashi ilitoa ule ule wekundu na sentensi ile ile ya lugha nyingi. Nikiwa nimeinama nyuma yake nilianza kuelewa. Faili lile halikuwa na picha wala sauti. Lilikuwa na maelekezo tu: chukua video fulani kutoka mahali fulani, ikate hapa, iunganishe na ile. Na video zenyewe zilikuwa zimeshafutwa.

"Zote?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazifungua.

"Zote ulizochomeka, Mama."

Aliweka mikono mapajani. Chini, dukani, mtu alikuwa anapima viazi. Kisha akasema polepole, "Kumbe nimekuwa nahifadhi maganda."

Msichana hakulia. Hilo lilinitisha zaidi. Alisimama, akakunja kanga yake, akasema, "Hongea, Mama," yaani asante kwa Kishambaa. "Umejitahidi." Alikuwa amefika mlangoni.

"Kaa," mwenye studio akamwambia. "Mvua hiyo."

Mvua ilikuwa manyunyu tu, ila alikaa.

Mwenye studio akataka atengeneze angalau nakala ya ile video ya kwaya iliyokuwa kwenye simu ya msichana, aipunguze sauti, labda mzee atasikika chini yake. Nilijua haitawezekana, na nadhani yeye pia alijua. Alipojaribu, kompyuta ikakataa: diski imejaa. Ilikuwa inalalamika hivyo wiki nzima.

"Futa takataka, Mtembezi," akasema bila kunitazama. "Futa chochote."

Mimi siwezi kutupa kitu kabla sijakipekua. Nilitafuta ni nini kinachojaza diski hiyo wakati video zote zimeshafutwa, nikakuta folda iliyojificha ndani ya folda nyingine, imejaa maelfu ya mafaili ambayo hakuna mtu aliyeyaweka. Programu ya kuhariri ilikuwa imeyatengeneza yenyewe, kimya kimya, kila ilipopokea video mpya. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kufuta. Kilichonizuia ni majina. Faili mojawapo lilianza na herufi na namba zile zile nilizokuwa nimeziona muda mfupi uliopita kwenye kipande chekundu, pale baba alipokuwa anapaswa kusimama.

"Mama, hebu soma jina la kile kipande."

Akasoma. Nikasoma langu. Majina yanayotolewa na kamera hurudiarudia, kwa hiyo tukaangalia na tarehe. Ilikuwa siku iliyofuata ile ya kuagwa, alipoziingiza video kwenye kompyuta.

"Hiyo ni nini?" msichana akauliza.

"Sijui bado," nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Nikatafuta kwenye simu, nikafika kwenye ukurasa wa watu wa nchi nyingi waliopotelewa kama sisi, kila mmoja akieleza msiba wake. Mmoja akasema: programu ikipokea video, huchukua sauti yake na kutengeneza nakala nyingine iliyo rahisi kuisoma, ili isikwame wakati wa kuhariri. Nakala hiyo ni sauti yote, si ile iliyokatwa tu. Unaweza kuifungua kwa programu ya sauti kama utaiambia namba sahihi ya kasi ya kuisoma.

Mara ya kwanza hatukuiambia namba sahihi. Ilitoka kelele kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati, msichana akaziba masikio. Nikabadilisha namba. Kokoto tena, nyembamba zaidi. Mwenye studio akasema, "Acha, utaharibu na spika." Nikabadilisha mara nyingine.

Jenereta likanguruma ndani ya chumba. Halafu nguo ikasuguana na maiki, maiki ile ndogo tunayoibana kwenye ukosi wa koti, na mzee mmoja akakohoa karibu kabisa na sikio letu.

"Hiki kidude kimeshaanza?"

"Bado, baba, subiri kwanza," ikajibu sauti ya mwanamke kwa mbali.

Mwenye studio alishika mdomo. Ilikuwa sauti yake. Alikuwa amemwambia bado, na kumbe kamera ilikuwa imeshaanza. Sehemu hiyo aliikata siku ile ile alipoanza kuhariri, haikuingia kwenye video wala kwenye mradi. Hakuna aliyewahi kuisikia baada ya siku ile.

Mzee akakohoa tena. Kisha akazungumza na mtu aliyekuwa pembeni yake, kwa Kishambaa, sauti ya chini, ya mtu asiyejua anasikika. Mimi Kishambaa changu ni cha sokoni, nilishika neno la jua na neno la mtoto. Nikawatazama wao. Msichana alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa meza.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

Mwenye studio akaondoa mkono mdomoni, akanitafsiria. "Anasema, mtoto wamemkalisha juani, msogezeni. Anasema, huko anakokwenda ni joto, atalizoea. Lakini leo bado yuko kwangu."

Ikasikika miguu, kiti kikiburutwa. Halafu mwenye studio wa siku ile akasema, "Haya, baba, sasa," na mzee akasafisha koo, akaanza ile hotuba ndefu, kwa sauti kubwa na ya heshima. Alimwonya. Alimsifu. Alisema kama baba wengine wanavyosema. Shangazi, mjomba na mama, wote walikuwa wamesema kweli. Tuliisikiliza yote, lakini mawazo ya msichana yalikuwa bado kwenye kile kiti kilichoburutwa.

"Nakumbuka," alisema mwisho. "Mtu alinivuta pamoja na kiti. Nilidhani nazuia njia."

Kinachonishtua mpaka leo si zile flashi nyekundu, ingawa nilizihesabu kama misiba. Ni kwamba neno lenyewe lilikaa muda wote huo mahali pa takataka, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa nifute.

Nikataka kuitengeneza sauti, nipunguze jenereta. Msichana akakataa. "Iache na jenereta lake." Nikamwekea kwenye simu na kwenye flashi mpya. Akaifunga flashi kwenye ncha ya kanga, akanyanyuka.

"Hiyo lete," mwenye studio akasema.

"Mama?"

"Lete kwanza. Mbegu za maharage, kabla hujampa mtu, unafanyaje?"

"Unaloweka chache kwenye kitambaa," msichana akajibu.

"Uone nini?"

"Kama zinaota."

"Mimi sikuwahi kuloweka hata moja." Alichukua flashi, akaizima kabisa ile kompyuta kubwa ya kuhariria, akachomoa na waya wake ukutani asije akadanganywa na kitu kilichobaki ndani yake. Kisha akafungua kompyuta ndogo ya zamani ambayo harusi hiyo haikuwahi kuhaririwa ndani yake, akaipuliza vumbi, akachomeka flashi. Tulisubiri iwake, na ilichukua muda wake. Manyunyu yalikuwa yamekatika nje. Msichana angeweza kusema ana safari, kwa sababu alikuwa nayo.

Akavuta kile kiti cha plastiki, akakaa tena, na jenereta likaanza kunguruma.