Abiria Aliyefutika kwenye Sarafu

Mimi nina ugonjwa wa kucheka, na nimeurithi kwa mama yangu. Nisameheni mapema basi, maana kisa hiki sijawahi kukisimulia bila kushika mbavu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani kijijini Tabaka nikisaidia kazi ya mawe. Kwetu wanaume huchonga, wanawake hupiga msasa. Jiwe letu ni laini, hata ukucha unalikwaruza, na kwa kulilainisha ndani ya beseni la maji mama hakuwa na mpinzani. Lakini kabla ya msasa kuna kubeba. Mawe yalitoka machimboni yakiwa kichwani mwa mama, akipanda kilima kizima, na shingo yake ilikuwa imeanza kukataa. Kuna asubuhi hakuweza kuvaa blauzi mpaka nimsaidie. Alitaka baiskeli. Si ya kupanda, jamani, ya kubebea mawe.

Mjini Kisii kulikuwa na Mhindi muuza baiskeli, mtu mcheshi mwenye miwani minene. Alikuwa amekusanya vijana wa kubeba abiria kwa baiskeli na alitaka kuifungua kazi hiyo kwa shangwe. Huko kwa wenzetu, alituambia, jambo kubwa likizaliwa hutolewa sarafu ya ukumbusho. Sisi hatuna kiwanda cha sarafu, lakini mawe tunayo! Akaagiza sarafu ya jiwe, kubwa kama sinia, ya kutundikwa juu ya mlango wa duka. Iandikwe USAFIRI WA KESHO, na chini yake baiskeli ikipanda mlima na abiria wake nyuma. Mji wa kesho, alisema, utatembea bila moshi, bila petroli, bila kelele.

“Mama, watu wakiipenda, baiskeli moja ni yako,” alimwambia mama.

“Na wasipoipenda?”

“Utakunywa chai, urudi nyumbani.”

Mchongaji alikuwa mjomba, kaka yake mama, ambaye maisha yake yote alichonga twiga na viboko wa kuuzia watalii. Wee! Baiskeli ya kwanza ilitoka na shingo. Ya pili ilikuwa baiskeli kweli: dereva amekaza misuli, na nyuma kwenye keria abiria ameketi kama bwana harusi, miguu yake mirefu ikining'inia karibu na ardhi. Mjomba alituletea Ijumaa jioni, akakimbia kwenda kuoga kabla jua halijazama, kwa sababu yeye ni Msabato na Sabato kwake haina mzaha.

Mama akakaa na beseni lake. Akapiga msasa. Akapapasa, akasema bado, akapiga tena. Ndivyo walivyo wanawake wa msasa wa kwetu, mkono ukikutana na kitu kilichoinuka haupumziki mpaka kilale. Na siku hiyo alikuwa akiupiga kwa ajili ya baiskeli yake mwenyewe! Aliimba, akapiga, akaimba. Alipoiinua sarafu na kuimwagia maji, tuliinama sote wawili kuitazama.

Abiria hakuwepo.

Mjomba alikuwa amemchonga juu juu, na mama alikuwa amemmaliza. Kilichobaki ni miguu miwili tu nyuma ya gurudumu. Mimi nikaangua kicheko. Mama akanitupia kitambaa chenye maji usoni, kisha tukatoka mbio kwa mjomba. Tukamkuta amevaa shati jeupe, Biblia mkononi, na jua limeshazama.

“Dada, hata nyundo ikiniangukia mguuni sasa hivi,” alisema, “siiokoti.”

Na ufunguzi ulikuwa kesho yake, Jumamosi. Usiku ule mama hakucheka hata mara moja, nami nikaogopa. Asubuhi alifunga sarafu kwenye leso, akasema lisilobudi hutendwa, tukaenda.

Mbele ya duka watu walijaa mpaka barabarani. Mwenye duka akatoa hotuba ya mji wa kesho, akavuta leso iliyoifunika sarafu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

“Mama, abiria yuko wapi?”

Mama aliinamisha kichwa. Nilimshika mkono. Ndipo dereva mmoja wa baiskeli, mtu wa upande wa ziwani, akapiga makofi kwa nguvu.

“Si ameshuka! Mlima umefika, anasukuma! Angalieni miguu yake!”

Lo! Umati ulilipuka. Hakuna mtu Kisii aliyewahi kupandishwa mlima kwa baiskeli akiwa ameketi. Ukifika mlimani unashuka, unasukuma, na nauli unalipa vilevile. “Huyu aliyechonga anatujua!” mzee mmoja alipiga kelele. “Hata mimi, hiyo ndiyo miguu yangu!” Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea mlango. Mama naye, ugonjwa ukampata, akakaa chini palepale kwenye vumbi, akicheka na kulia, hata akashindwa kuinuka kupokea baiskeli yake.

Jumatatu tulishuka machimboni. Tulifunga mawe kwenye keria kwa kamba za mpira, mama akashika usukani, tukaanza kupanda. Mimi nilikuwa nyuma nikisukuma, huku nikilalamika. Ghafla mama akageuza kichwa, akanitazama.

“Unasemaje?”

Nilisahau nilichokuwa nasema. Tangu nikiwa mtoto tulikipanda kilima kile pamoja, nikiongea na mgongo wake, naye akinijibu akitazama mbele, maana aliyebeba jiwe kichwani hageuki. Mama mwenyewe aliliona hilo. Akatazama mbele, akageuka tena, akaniangalia vizuri toka miguuni mpaka usoni, akitabasamu.

“Kumbe miaka yote hii huwa unapanda umekunja uso hivyo?” akasema.