Batobato katika Shamba la Mama

Majani ya mihogo yetu yalipoanza kujikunja, mama alinikataza kumwambia mtu yeyote. Tulikuwa tumekimbia Burundi, tukapewa shamba karibu na Makere, na pingili alizopanda mama alikuwa amezivusha mpakani akiwa amezifunga ndani ya mkeka.

Halikuwa jambo la kufichika. Madoa ya njano yakatokea hata kwenye mihogo ya jirani yetu, mzee wa Kiha aliyetupokea vizuri tulipofika. Asubuhi moja akaja na wanaume wenzake, wote na mapanga. Alizungumza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi.

"Mama, ugonjwa huu umekuja nanyi. Tutang'oa mihogo yote, nanyi mtafute pa kwenda."

Mama akaketi chini, katikati ya matuta. Nikamshika kitenge.

Aliyewazuia ni bwana shamba wa Kasulu, aliyekuwa akipita na baiskeli yake. "Hii ni batobato," akawaambia. "Inaenezwa na nzi weupe. Ngojeni kwanza nipeleke majani yakapimwe." Akachuma kwetu na kwa mzee. Wakakubali kungoja, lakini hawakuyaweka mapanga chini.

Tuliishi kwa kusikiliza. Mtu akikohoa njiani, mama aliacha kutwanga. Nilikwenda kuteka maji kwa kuzunguka nyuma ya migomba nisionekane.

Bwana shamba aliporudi alisema ni virusi, ila vya jamii gani wataalamu hawakuwa na hakika. Wakati huo batobato ilikuwa imeshafika hata vijiji ambavyo hatukuwahi kuvikanyaga. Hatukufukuzwa. Lakini mzee hakutusalimu tena, na mama hakupanda tena muhogo.

Swali lile, kama ugonjwa ulikuja nasi, ndilo lililonipeleka maabara. Miaka mingi baadaye nilisoma vinasaba vya batobato ya pande zote mbili za mpaka, ili nipange ipi ni ndugu ya ipi. Matokeo yakaanza kutoka. Niliogopa kwamba mzee alikuwa amesema kweli.

Virusi vilikuwa vya ukoo mmoja, vimevuka huku na huko mara nyingi mno. Upande upi ulitangulia, havikuonyesha.

Nilirudi Makere kumweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata ninyi wataalamu hamjui," akasema, akaendelea kumenya ndizi.