Pombe ya Rozina na Mawakili wa Dunia Nzima

Rozina wa Mpui hakupendwa, na hakuona sababu ya kuficha kwamba analijua hilo. Alikuwa mjane, mpika pombe ya ulezi, na msema kweli kwa watu ambao hawakumwomba. Jumapili moja padri alihubiri juu ya madhara ya ulimi, kanisa zima likageuka kumtazama Rozina. Yeye naye akageuka kutazama nyuma yake, apate kujua anayesemwa ni nani.

Pombe yake ilikuwa tamu kuliko zote za pande zile. Bila hiyo asingekuwa na majirani. Angekuwa na watu wanaokaa karibu tu.

Mali yake ya maana ilikuwa shamba moja, kule bondeni, kwenye udongo mweusi. Shamba la Ufipa huchoka kama mtu anavyochoka, na likichoka huachwa liote majani. Mwishoni mwa masika majani hayo hufukiwa ndani ya vilima vidogo vya duara, ntumba, yaoze humo kiangazi chote. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, ntumba hutawanywa na ulezi hupandwa. Mwaka huo shamba la Rozina lilikuwa limelala, likingoja kufukiwa. Kwa mpita njia zilikuwa nyasi tu. Kwa bahati mbaya mpita njia wa safari hii alikuwa kindege cha kamera, nacho hakikuteremka kuuliza.

Kindege kilikuwa cha kampuni ya parachichi. Mkataba wake na kijiji ulikuwa na kifungu kimoja chenye utu: kipande chochote kinacholimwa kitabaki kwa mwenye kukilimisha, na nyasi tupu zitakwenda kwa kampuni. Kifungu hicho kiliandikwa na mawakili, na hapa hatuna budi kusimama kidogo tuwaamkie.

Ofisi yao, Wexcombe Thrale, ilizaliwa London, zamani za meli za mvuke. Kijitabu chake cha kujitangaza, chenye karatasi nzito ya kung'aa, kinasema kwamba waanzilishi walikuwa ndugu wawili waliounganishwa na imani yao katika haki. Ukiendelea kukifunua, kinakiri bila aibu kwamba kesi yao ya kwanza ilihusu shamba la marehemu baba yao. Mmoja alimtetea mama, mwingine aliwatetea wapangaji. Shamba lilimalizikia kwenye gharama za kesi, na ndugu wakatambua wito wao. Baadaye walihudumia reli, kisha mpira, kisha shaba. Popote mtu alipokuta mali ya mwenzake ikamvutia, Wexcombe Thrale walikuwapo kumsaidia aipende kisheria. Siku hizi wana ofisi katika kila bara isipokuwa lile la barafu, ambako bado hajapatikana wa kushitakiwa.

Kule Mpui, kijijini kwa Rozina, hawakumtuma Mwingereza. Walimtuma Calvin, kijana wa Laela, aliyekulia kando ya barabara ya Tunduma baina ya magunia ya mahindi, akasoma Dar es Salaam, akasomeshwa tena nje, akarudi na suti isiyoshika vumbi. Kifipa chake kilikuwa kizima. Wafanyakazi wenzake walikiita hazina. Rozina alitafuta jina lingine baadaye.

"Shikamoo mama," Calvin alisema, akipiga magoti nusu mlangoni, jambo ambalo suti yake ilistahimili vizuri.

"Marahaba. Umekuja kununua au kuhesabu miti?"

"Kununua, mama. Kampuni inataka kufahamiana na wanakijiji. Tukutane kule bondeni, tuongee, watu wanywe. Nimeambiwa pombe ya hapa haina mpinzani."

"Aliyekuambia hakukosea. Kule bondeni wapi?"

"Popote penye kivuli. Hata pale kwenye shamba lako patafaa."

Rozina akataja bei. Bei aliyotaja ilikuwa ya kumfukuzia mteja. Calvin akaikubali bila kupepesa macho. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwoga kuingiwa na mashaka. Rozina hakuwa mwoga. Aliloweka ulezi siku ile ile, na wakati ukiota alikuwa ameshapanga lake.

Maana Mfipa ana kawaida yake: ukitaka shamba kubwa lilimwe kwa siku moja, unapika pombe. Watu huja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanatukanana kwa upendo, na jioni ntumba zimesimama. Rozina alikuwa na shamba lisilolimwa na kampuni inayolitaka kwa sababu halilimwi. Sasa kampuni hiyo hiyo ilikuwa inagharamia pombe, tena pembeni ya shamba lenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba, hata zile asizosalimiana nazo.

"Keshokutwa bondeni. Kuna pombe," alisema. "Njooni na majembe."

"Pombe ya bure? Kwako wewe?" aliuliza mzee Leonardi, jirani yake wa mpakani. Walikuwa hawajasemezana vizuri tangu mbuzi wa mmoja wao ale mbegu za mwingine. Mbuzi alikuwa wa nani, ilitegemea anayesimulia.

"Nani kakuambia natoa mimi? Wanatoa wale wa parachichi. Wewe lete jembe, mdomo najua utakuja nao."

Wakaja. Ilikuwa siku nzuri ya mwisho wa masika, udongo umelainika, nyasi zimefika kiunoni. Calvin alikuja na gari la kampuni na hotuba fupi kuhusu maendeleo, iliyosikilizwa kwa adabu na majembe begani. Alipomaliza, Rozina hakumpa nafasi ya kuongeza neno.

"Haya, mlikuja kusikiliza redio? Anzieni pale chini!"

Walianzia pale chini. Walipindua nyasi, wakazifunika, ntumba zikapanda safu kwa safu kuelekea kwenye mpaka wa Leonardi, na kwa kuwa pombe ilikuwa nzuri hakuna aliyekumbuka mpaka ulipo. Wakalima wakaingia hata kipande cha Leonardi, naye akiwa mbele ya wote, shati amelivua. Wanawake walimtania Rozina kwamba leo mapepo yake yamesafiri. Rozina alicheka hadharani, jambo lililowatia watu wasiwasi. Calvin hakuzuia lolote. Alisimama kivulini akipiga picha kwa simu, akawakaribisha watu wanywe zaidi, na mara mbili alikwenda mwenyewe kuwajazia vibuyu.

Jioni Rozina alimuaga Calvin.

"Mwanangu, uwaambie wakubwa zako shamba linalimwa. Umeliona kwa macho yako."

"Nimeona, mama," alisema Calvin. "Nitawaambia hivyo hivyo."

Na kweli, aliwaambia hivyo hivyo.

Hata hivyo kampuni ililidai shamba, na mkataba ulisema magomvi yote yaamuliwe na msuluhishi wa kukodi. Akaja mstaafu mmoja mpole kutoka mbali, akakaa katika ukumbi wa hoteli mjini Sumbawanga, chini ya feni iliyokuwa ikizunguka japokuwa watu walikuwa wamevaa makoti. Rozina alivaa kitenge chake cha Pasaka. Hakuweka wakili, alisema ana mdomo.

Alieleza shamba lake tangu baba mkwe, akaeleza linavyopumzika na kwa nini. Akamaliza kwa ushindi: "Na mwaka huu ntumba ziko pale. Nendeni mkazione. Mnasema nyasi tupu, nyasi ziko wapi?"

Calvin alisimama. Wexcombe Thrale, alisema, haibishi hata kidogo. Shamba linalimwa. Kampuni inaheshimu sana mila za Wafipa, na ndiyo maana inaomba ziheshimiwe hadi mwisho. Akamgeukia Rozina, akaacha Kiswahili cha ukumbini, akamsemesha kwa Kifipa cha nyumbani. Mkalimani alimtafsiria msuluhishi.

"Mama, kazi ya pombe ikiitishwa, watu wanakuwa wamemlimia nani?"

"Mwenye kuiitisha."

"Aliyepita akiwaita? Hata mtoto anaweza kutumwa kupita. Mtoto anakuwa mwenye shamba?"

Wazee waliokuwa kwenye viti vya nyuma waliguna. Hakuna aliyetaka kuguna, lakini kweli ilikuwa kweli.

"Wanamlimia mwenye pombe," alisema Rozina polepole.

"Na ile pombe ilikuwa ya nani?"

Hapo ndipo angeweza kusema uongo. Angesema aliitoa mwenyewe kwa moyo mweupe, na majirani wakiulizwa wangeapa. Tatizo ni kwamba ukumbini mle mlikuwa na watu waliokuwa wameinunua pombe yake maisha yao yote, na hapakuwa na hata mmoja ambaye angelisikia neno hilo bila kucheka. Rozina alilijua hilo kuliko wao.

"Ilikuwa yangu mpaka ulipoinunua, we mtoto," alisema.

Watu wakacheka vilevile.

Akaitwa Leonardi. Hakuwa shahidi wa Calvin. Rozina mwenyewe ndiye aliyemleta, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyefahamu mipaka. Msuluhishi alimuuliza kwa upole siku ile alimlimia nani.

Lilikuwa swali rahisi. Jibu lingeokoa shamba la Rozina kwa maneno mawili, na ukumbi wote ulimgeukia Leonardi kuyasubiri. Leonardi alimtazama Rozina. Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza, na baada ya hapo kijiji kizima kingesema kwamba Leonardi alimlimia Rozina.

"Mimi nimlimie huyu?" alisema. "Huyu mama hajawahi kunipa hata maji. Nilimlimia mwenye pombe, basi. Wale wa parachichi."

"We mzee," Rozina alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "hata ukifa nitakuja kuangalia kama umekufa vizuri."

Msuluhishi aliomba jambo hilo lisitafsiriwe.

Uamuzi ulitoka kwa lugha nzuri. Shamba, ulisema, lilikuwa likilimwa, na kwa mila za wenyeji wenyewe mwenye kulilimisha alikuwa kampuni. Kijitabu cha Wexcombe Thrale cha mwaka huu kina ukurasa mzima kuhusu kesi hiyo, pamoja na picha ya wanawake wa Mpui wakicheka na majembe. Kichwa chake kinazungumzia kusikiliza sauti za jamii. Leonardi naye aliletewa barua. Kipande chake kilikuwa kimelimwa siku ile ile, kwa pombe ile ile, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaeleza pombe ilikuwa ya nani. Alikwenda kwa Rozina jioni kuuliza wafanyeje.

"Nenda kawaulize waliokunywesha," Rozina alisema, akafunga mlango.

Miche ya parachichi ilicheleweshwa na jambo fulani bandarini. Kiangazi kikapita, ntumba zimesimama bondeni kama watu waliosahauliwa mkutanoni, majani yakiozea ndani. Mvua za kwanza ziliponyesha, Rozina alichukua jembe na kikapu cha mbegu akashuka peke yake. Hakumwita mtu, na hata angeita nani angekuja? Alianza kutawanya ntumba, moja baada ya nyingine. Wapita njia walisimama barabarani, wakatazama, wakaendelea na safari zao.

Mlinzi wa kampuni, Mayunga, alimfuata.

"Mama, hapa unamlimia nani?"

"Tumbo langu. Sogea, unakanyaga."

Mayunga alipiga simu. Jibu lilichelewa, kisha likaja likiwa jepesi: aachwe, asiguswe, aendelee. Siku iliyofuata gari la kampuni lilisimama ukingoni mwa shamba. Mayunga akashusha ndoo ya pombe na kibuyu, akaviweka kwenye kivuli, akamwita Rozina kwa heshima zote aje apumzike. Dereva alikuwa ameshika simu tayari kwa picha.

Jua lilikuwa kali na Rozina alikuwa na kiu. Alikwenda hadi kwenye ndoo, akainama, akanusa.

"Hii kapika nani? Imeungua," alisema. "Mpe Calvin anywe, halafu aje alime."

Akarudi kwenye safu yake. Alipanda hadi mpakani, na hapo mpakani alisimama, kwa sababu upande wa pili lilikuwa shamba la Leonardi.

Wexcombe Thrale wamemfungulia shauri la uvamizi. Wameomba lisikilizwe baada ya mavuno, ili ijulikane mali inayogombewa ni kiasi gani. Rozina hakupinga, yeye pia anangoja mavuno. Ulezi umeota vizuri, na anapalilia peke yake, na chupa ya maji aliyotoka nayo nyumbani.